Mhina una miiba au hauna? Naona wa aina mbili hapa Mombasa

#1 · Majani4
Salaam wanajukwaa. Jina la kisayansi la mhina ni Lawsonia inermis. Neno inermis kwa Kilatini ni "asiye na silaha", yaani mti usio na miiba. Sasa ukizunguka hapa kwetu waona mihina ya namna mbili. Ile iliyo kando ya kuta za Mji wa Kale ina matawi laini, waipitisha mkono kama wapitisha kwenye rehani. Ile ya nyua za Kisauni ncha zake zatoboa ndala. Majani ni yale yale, maua ni yale yale meupe madogo, harufu haina tofauti. Dai langu ni kwamba hii ni miti miwili, na wauza miche hawajui wauza upi. Mwenye hoja na aje.

#2 · MicheLikoni
Waalaikum salaam. Si miti miwili. Jenasi (kundi la mimea iliyo karibu) ya Lawsonia ina spishi (aina) moja tu ulimwenguni, haina ndugu ndani ya jenasi yake. Tofauti uionayo ni umri. Mche wa mwaka mmoja au miwili hauna mwiba hata mmoja. Ukiachwa ukakomaa, vijitawi vya kando vyakaza na ncha zake zageuka miiba. Huo wa Kisauni ni mzee, basi.

#3 · KwapaLaJani
Naongeza juu ya #2, maana watu wengi hawauangalii mwiba wenyewe. Kata tawi lenye miiba ulisogeze karibu na jicho. Mwiba wa mhina haukuota juu ya gome kama wa waridi. Watoka kwenye kwapa la jani, pale ambapo tawi jipya lingetoka. Mara nyingi utaona una vijani viwili vidogo vilivyoelekeana katikati yake, au kovu mbili ambapo vijani vilikuwa. Hilo lakuonyesha kuwa ni tawi fupi lililoacha kukua na ncha yake ikawa ngumu. Mwiba wa waridi ukiusukuma kwa dole gumba wabanduka na gome. Huu wa mhina haubanduki, wavunjika na mti wake ndani.

Alama nyingine ni hii: tawi changa la mhina lina pembe nne. Lizungushe kati ya vidole viwili utazihisi. Likikomaa lawa la duara na gome lageuka kahawia ya kijivu.

#4 · Ukutani
Umri pekee hautoshi, MicheLikoni. Ipo mihina mizee ya miaka mingi, shina nene kama mkono, na haina miiba. Nionavyo mimi hii ni mbegu mbili: mmoja wa porini na mmoja wa kulimwa. Mti uliolimwa karne na karne kwa ajili ya majani, mkulima huchagua ule usiomchoma akivuna. Wa porini umebaki na silaha zake. Ni spishi moja, sawa, lakini koo mbili.

#5 · MwanaMajani
Majani4, swali lako lina umri wa zaidi ya miaka 250. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya maneno mawili, mwaka 1753 aliutaja mhina mara mbili: mmoja akauita Lawsonia inermis, usio na miiba, na mwingine Lawsonia spinosa, wenye miiba. Yaani alifikiri kama ufikirivyo wewe. Baadaye Lamarck wa Ufaransa akaongeza jina la tatu, Lawsonia alba, "nyeupe", kwa sababu ya maua. Wataalamu walipoyalinganisha wakaona yote ni mti mmoja, wakabakisha inermis. Kwa hiyo hata mti wenye miiba ya kutoboa ndala, kwa kanuni za majina, unaitwa "usio na miiba".

Hilo Lawsonia ni heshima kwa Isaac Lawson, tabibu wa Uskoti aliyesaidia kulipia uchapishaji wa kazi ya kwanza kubwa ya Linnaeus mwaka 1735.

#6 · KijanaTudor
Basi Majani4 yuko safu moja na Linnaeus, apewe kiti cha mbele 😀

#7 · Majani4
Shukran MwanaMajani. Lakini kuunganishwa kwa majina hakujibu kwa nini mmoja wachoma na mwingine hauchomi. Ukutani kasema koo. MicheLikoni kasema umri. Mwingine?

#8 · MkasiWaBustani
Mimi nasema ni ukataji. Mhina wa kuvunwa hukatwa mara mbili kwa mwaka, wabaki kisiki cha shubiri moja hivi kutoka chini. Matawi yanayochipuka baada ya hapo ni marefu, yamenyooka, yana maji, na hayana miiba kwa sababu hayajafikia umri wa kutoa vijitawi vya kando na kuvikaza. Ukikata tena kabla hayajakaza, mti hauonyeshi miiba maisha yake yote. Mhina wa ua usioguswa huo ndio utakaoona una miiba. Hivyo kinachohesabiwa ni umri wa tawi. Umri wa mti hauingii. Hapo MicheLikoni na Ukutani wote wamepata nusu.

#9 · Ukutani
Na ile ya kuta za Mji wa Kale haikatwi kila miezi sita. Yachumwa majani kwa mkono tu sikukuu ikikaribia au ikiwa na harusi. Mbona ni laini?

#10 · ChumviNaMaji
Ni maji. Ile ya Mji wa Kale yakaa chini ya bomba, yapata maji ya kuoshea vyombo, na yapata kivuli cha ukuta nusu ya siku. Kisauni yakaa kwenye jua kutwa, udongo wa mchanga, hakuna anayeumwagilia. Mimea mingi ya nchi kavu hufanya hivyo: maji yakipungua, kijitawi hakiendelei kukua, chafa ncha, chabaki kijiti kikali. Yakiwepo maji, kijitawi kile kile charefuka na kutoa majani. Angalieni miiba ya mhina baada ya mvua za masika: mingine yachipua upya ubavuni.

#11 · KwapaLaJani
Hilo la kuchipua ni kweli na laonekana. Kovu za vijani nilizotaja #3, hapo ndipo chipukizi latoka.

#12 · BustaniBamburi
Kabla hatujaendelea, Majani4, una hakika huo wa Kisauni ni mhina? Mkomamanga mchanga usio na maua wawababaisha wengi. Nao una tawi changa la pembe nne, majani yameelekeana mawili mawili, kingo hazina meno, na vijitawi vyake vyaishia kwa ncha kali. Kutofautisha: jani la mkomamanga lang'aa zaidi na kwa kawaida ni refu zaidi, na machipukizi yake mapya ni mekundu ya shaba. Jani la mhina lina urefu wa sentimita 1.5 hadi 5, upana nusu sentimita hadi 2, lachongoka pande zote mbili, na kikonyo chake ni kifupi mno karibu hakipo.

Jaribio la hakika ni hili: chuma majani 10 machanga, yasage kwa jiwe na matone matatu manne ya ndimu, weka kidoko katikati ya kiganja, funga ngumi kwa saa moja. Ukiosha, mhina umeacha doa la chungwa. Mkomamanga hauachi rangi hiyo.

#13 · Majani4
Una maua meupe na umejaribiwa, rangi yatoka. Ni mhina.

#14 · MwanaMajani
BustaniBamburi hakukosea kuwafananisha. Mkomamanga zamani ulikuwa na familia yake peke yake, siku hizi umewekwa familia moja na mhina, Lythraceae. Na kuna ndugu wa tatu hapo hapo Tudor kwenye hori: mlilana. Sonneratia alba nao ni wa familia hiyo. Ule mkoko wa mbele kabisa baharini, wenye mizizi iliyosimama kama vigingi kutoka kwenye tope. Ua lake lafunguka usiku, lina nyuzi nyingi nyeupe, asubuhi waziona zimeelea majini.

#15 · KijanaTudor
Mlilana na mhina ndugu! Mmoja wanywa maji ya bahari, mwingine wachorwa mikononi. Nimeishi naona mililana kila siku na sikulijua hili.

#16 · ChumviNaMaji
Na wa nne: Pemphis acidula, kile kichaka kigumu kinachoota juu ya miamba ya matumbawe pale mawimbi yanaporukia. Nacho kina maua meupe madogo. Hesabu petali, yale majani ya rangi ya ua: Pemphis ina 6, mhina una 4. Jani la Pemphis ni nene, lina vinyweleo, rangi ya kijivu. Petali za wote wawili ni zenye mikunjo, kama kitambaa kilichotolewa mfukoni. Mikunjo hiyo ni alama ya familia hii, hata kwenye ua la mkomamanga waiona.

#17 · Rehani
Naomba niingize swali langu, samahani kwa kuchepua. Mhina wangu una miaka mitano, majani tele, ua sijaona. Nini kasoro?

#18 · MkasiWaBustani
Waukata vipi?

#19 · Rehani
Kila mwezi kwa mkasi ili ua uwe sawa juu.

#20 · MkasiWaBustani
Hapo ndipo. Mhina hutoa maua kwenye ncha za matawi. Kichala chake chaota mwishoni kabisa, kina umbo la piramidi, chaweza kufika sentimita 25. Ukisawazisha ua kila mwezi waondoa kila ncha kabla haijafikia kutoa kichala. Acha upande mmoja usiuguse kutoka mwisho wa mvua za vuli, utaona. Na kama waupa samadi nyingi ya kuku, punguza. Nitrojeni ikizidi mti wakimbilia majani.

#21 · KwapaLaJani
Rehani, ukiyapata maua usiyapite tu kwa pua. Chukua ua moja, upana wake haufiki sentimita moja na nusu. Nje kuna sepali, vijani vya kijani vinavyofunika ua, 4 za pembetatu zilizoungana chini kuwa kikombe kifupi. Petali 4 zenye mikunjo zimekaa baina ya sepali na sepali, nyeupe au rangi ya maziwa yaliyoganda. Stameni, zile nyuzi zenye chavua, ni 8, nazo hazikukaa moja moja: zimekaa jozi, mbili mbili, kwenye ukingo wa kikombe, jozi moja mbele ya kila sepali, na ni ndefu kuliko petali. Katikati ovari, kifuko cha mbegu, ya duara yenye vyumba 4, na juu yake kijiti kama sindano. Nne, nne, nane, nne. Ukihesabu hivyo huwezi kukosea.

Baadaye petali zaanguka, sepali zabaki, na ovari yawa tunda kavu la duara, milimita 4 hadi 8, kama pilipili manga, na ile sindano ya juu haidondoki. Kwanza ni kijani cha zambarau kisha kahawia. Lapasuka ovyo, halina mstari maalumu wa kufungukia. Ndani mbegu ndogo zenye pembe, thelathini hadi hamsini hivi kila tunda.

#22 · Rehani
Ahsante sana wote. Nilidhani ni jamii ya asmini kwa ile harufu.

#23 · MwanaMajani
Hapana. Asmini ina stameni 2 tu na petali zake zimeungana chini kuwa mrija. Ukilivuta ua la asmini lote latoka kwa pamoja. Ukivuta petali ya mhina yatoka moja peke yake.

#24 · Majani4
Turudi. MicheLikoni, wewe waotesha kwa mbegu au kwa vijiti? Nauliza kwa sababu kama Ukutani yuko sawa kuhusu koo, kijiti kitabeba tabia ya mama na mbegu itachanganya.

#25 · MicheLikoni
Njia zote mbili, na hoja yako ina uzito. Miche ya kijiti kutoka mti mmoja yafanana yote. Ya mbegu hutofautiana: majani mapana na membamba, matawi ya kusimama na ya kulala.

Kwa mbegu, watu hushindwa kwa sababu ganda ni gumu. Wazimwaga kwenye udongo mkavu, wiki tatu hakuna kitu, wanatupa. Fanya hivi. Chuma matunda ya kahawia kabla hayajapasuka, yaponde, peta. Mbegu zitie kwenye mfuko wa kitambaa, loweka siku 3 hadi 7 na ubadilishe maji kila siku. Usipobadilisha yanuka na mbegu zaoza. Kisha changanya mbegu na mchanga mkavu mara tano yake, kwa sababu ni ndogo mno kuzipanda moja moja, nyunyiza juu ya kitalu, funika kwa udongo wa nusu sentimita, usizidishe. Maji kwa kopo lenye matundu madogo asubuhi na jioni. Zaanza kuchomoza baada ya wiki mbili hivi. Mchanga usichukue wa ufuoni, una chumvi na utaua vichipukizi vikiwa na majani mawili. Wa mtoni au wa bara.

Kwa kijiti, kata urefu wa sentimita 15 hadi 20, unene wa kalamu, kisiwe kichanga cha kijani wala kikuukuu. Ng'oa majani ya chini, bakisha manne ya juu. Ukate wa mshazari chini ya kifundo, kwani mizizi yatoka hapo. Vifundo viwili viwe ndani ya udongo. Kivuli wiki nne. Kosa kubwa ni kukivuta kila siku kuangalia kama kimeota. Kila ukikivuta wakata mizizi iliyoanza.

#26 · UdongoMweupe
Na sisi wenye udongo wa matumbawe? Majani mapya yatoka manjano, mishipa yabaki kijani. Nimeongeza maji, yazidi.

#27 · ChumviNaMaji
Acha kuongeza maji. Hiyo ni njaa ya chuma. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, chuma kimo lakini kimefungika, mzizi hauwezi kukinyonya. Na udongo ukiwa umelowa muda wote mzizi wakosa hewa, unazidi kushindwa. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, toa mawe, jaza nusu udongo mwekundu na nusu mboji iliyooza vizuri. Kama mti umeshaota, zungushia mboji ndoo moja ya lita 20 kila baada ya miezi mitatu, isiguse shina. Mhina wavumilia ukame na wavumilia chumvi kidogo ya maji ya kisima. Usichovumilia ni kutuamishwa maji.

#28 · BiHina
Nimewasoma kutoka mwanzo na bado hamjagusa linalotuhusu sisi wachoraji: upi una rangi zaidi, wenye miiba au laini? Kwa wachumaji wengi wa hapa jibu ni wenye miiba. Ule wa kwenye jua kali, usiomwagiwa, jani lake dogo na gumu, huo ndio ushikao mkono wiki mbili. Wa chini ya bomba jani kubwa, laini, na rangi ya karoti.

#29 · ChumviNaMaji
Ndiyo nisemayo mimi! Sababu ni moja kwa yote mawili: jua na ukame. Mwiba hauleti rangi. Jua limeleta mwiba na jua limeleta rangi.

#30 · Ukutani
Au koo ya porini ina miiba na ina rangi nyingi, na yote mawili ni urithi. Maelezo yako na yangu yaeleza jambo lile lile.

#31 · BiHina
Bishaneni, lakini nijibuni na hili: watu wawili wachukua majani ya mti mmoja, mmoja apata rangi na mwingine hapati. Hapo si mti, ni mkono wa mtu. Na wasikize vijana.

Chuma majani asubuhi umande ukikauka, kipindi cha jua, si cha mvua. Machanga yenye mshipa mwekundu katikati ndiyo bora. Yaanike kivulini juu ya mkeka, pahali penye upepo, siku tatu nne, ukiyageuza. Ukiyaanika juani yageuka kahawia na nguvu yake yapungua. Yakikauka yavunjika kwa sauti ukiyafinya. Ondoa vijiti vyote, twanga kwenye kinu kikavu, chekecha kwa kitambaa cha melimeli mara mbili. Kijiti kimoja kikiingia kwenye koni ya kuchorea chaziba tundu na mstari wakatika katikati ya ua. Unga mzuri ni wa kijani na wanuka kama majani makavu. Uliogeuka kahawia umezeeka.

Gramu 100 za unga, maji ya ndimu yaliyochujwa mililita 250 hadi 300, utie kidogo kidogo mpaka uwe kama uji mzito. Sukari vijiko viwili vya chakula, ndiyo yafanya hina ishike ngozi isidondoke. Funika, weka jikoni pasipo jua kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa joto letu la hapa. Ukiona juu pamefanya utando wa kahawia na ndani ni kijani, rangi imetoka. Ikipita usiku na mchana bila kutumika yaanza kufa. Gandisha itakayobaki.

#32 · KijanaTudor
Bi Hina, mbona wengine hutumia maji ya moto ili ifanye haraka?

#33 · MwanaMajani
Nimjibie Bi kwa idhini yake. Ndani ya jani bichi ile rangi, losoni, haimo ikiwa huru. Imefungwa pamoja na sukari ya mmea. Asidi ya ndimu yaifungua polepole na hewa yaimalizia. Maji yanayochemka huifungua kwa mara moja na huiua haraka vile vile, wapata rangi ya chungwa isiyodumu. Kiasi chake ndani ya jani kavu ni takribani asilimia moja, yaweza kushuka nusu au kupanda hadi mbili. Ikifika kwenye ngozi hujishika na keratini, ile protini ya kucha na nywele. Ndiyo maana kiganja na wayo, penye ngozi nene, hukolea, na mgongo wa mkono hubaki hafifu. Siku ya kwanza ni chungwa, ya pili au ya tatu ndiyo hukomaa.

#34 · BiHina
Umesema kweli. Na asioshe kwa maji siku hiyo, akwangue tu kwa kisu butu.

#35 · MicheLikoni
Maadamu tumefika kwenye mkono, niseme hili bila kuzunguka. Mhina hautoi rangi nyeusi. Haujawahi. Anayekuchora ukawa mweusi tii kwa nusu saa ametumia piko, na piko ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Ulaya sheria huiruhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, na kwenye ngozi imekatazwa. Yaunguza, yatoa malengelenge yenye umbo la maua yaliyochorwa, na aliyewahi kuunguzwa huweza kudhurika tena kwa dawa ya nywele maisha yake yote. Bibi harusi anapotaka maua mekundu na kingo nyeusi, kingo hizo ndizo zenye hatari.

#36 · BiHina
Sikatai. Wateja wenyewe wailazimisha. Lakini mtoto asipakwe kabisa.

#37 · MwanaMajani
Na mtoto mchanga asipakwe hata hina safi. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na hapa pwani wapo kwa sababu ni urithi unaokwenda pamoja na maeneo ya malaria, hina yaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Macho manjano, mkojo mweusi, ni hospitali moja kwa moja.

#38 · Majani4
Shukran kwa hayo, ni muhimu kuliko swali langu. Sasa nimefikiria namna ya kupima hoja zenu. Nachukua vijiti 12 kutoka mti wa miiba wa Kisauni na 12 kutoka mti laini wa Mji wa Kale. Udongo mmoja, vyungu vya lita 20. Sita za kila mti juani bila maji ila mara moja kwa wiki, sita kivulini na maji kila siku. Hakuna kukata. Kama ni koo, cha Kisauni kitachoma popote kilipo. Kama ni maji, vya juani vitachoma vyote. Kama ni umri, hakuna kitakachochoma kwa miaka miwili.

#39 · MkasiWaBustani
Na ukataji umeusahau. Gawa kila sita: tatu usiguse, tatu kata kila miezi sita kwa sentimita 20 kutoka udongoni.

#40 · KwapaLaJani
Ziko kasoro mbili, Majani4. Umechanganya jua na maji, hutajua lipi limefanya. Weka vyote juani, tofauti iwe maji peke yake. Pili, kijiti kilichotoka tawi komavu chakumbuka umri wa tawi lake. Ukikata kijiti cha Kisauni sehemu yenye miiba na cha Mji wa Kale sehemu changa, umeshaharibu. Vyote vitoke kwenye machipukizi ya chini, karibu na shina, unene ule ule, siku ile ile.

#41 · Ukutani
Na vya Mji wa Kale nitakuletea mimi. Si lazima unene wa kalamu?

#42 · MicheLikoni
Wa kalamu. Na uvifunge kwa gunia bichi njiani, vikikauka kwenye feri havioti.

#43 · Majani4
Sawa. Nisubirini mvua za vuli. Vyungu nimepata 17, nahitaji 7.